Wapimaji wawili, kondo moja: kwa nini madaraja ya ultrasaundi hayalingani

SWALI: Daktari, mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya cha wilayani. Nina mama wa mimba ya kwanza, wiki 34. Alipiga ultrasaundi kwenye kliniki ya binafsi, cheti kikaandikwa "kondo daraja la 3" na akaambiwa ajiandae kujifungua mapema. Akaingiwa na hofu, akaenda hospitali nyingine baada ya siku nne, huko wakaandika "daraja la 2". Presha yake ni ya kawaida, mkojo hauna protini, anasema mtoto anacheza vizuri. Mume amekuja na vyeti vyote viwili, ananiuliza nani kakosea. Je, kondo linaweza kurudi nyuma? Na kama wapimaji wenyewe hawakubaliani, kipimo hiki kina maana gani?

JIBU: Habari za kazi, Sista. Nianze na la mume, maana ndilo linalokusubiri mlangoni. Kondo halirudi nyuma. Chokaa ikishajijenga ndani ya kondo haiyeyuki kwa siku nne wala kwa wiki nne. Tofauti unayoiona kwenye vyeti haikutokea tumboni kwa mama. Imetokea kwa watu wawili waliotazama, kila mmoja kwa mashine yake, kila mmoja kwa jicho lake. Na huenda hakuna hata mmoja kati yao aliyefanya uzembe.

Wewe unalijua jambo hili kuliko unavyodhani. Ukipima njia ya uzazi kwa vidole ukasema sentimita 5, mwenzako akija zamu akasema 6, hamkimbilii kusema mmoja wenu ni mwongo. Mnajua vidole vinakadiria. Daraja la kondo nalo ni makadirio ya namna hiyo, isipokuwa likishachapwa kwenye cheti chenye mhuri na picha, watu hulipokea kama namba iliyotoka kwenye mizani. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Nikueleze madaraja haya yalikotoka, kwa sababu asili yake inafafanua mengi. Mwaka 1979, Peter Grannum na wenzake Richard Berkowitz na John Hobbins wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walipendekeza kuligawa kondo katika hatua nne kwa jinsi linavyoonekana kwenye ultrasaundi. Daraja la 0: uso wa kondo unaomwelekea mtoto ni laini kama mstari ulionyooka, na nyama yake ndani ina rangi moja ya kijivu. Daraja la 1: uso umeanza mawimbi madogo, na ndani kuna vidoa vichache vyeupe vilivyotawanyika. Daraja la 2: mipasuko imeanza kushuka kutoka upande wa mtoto lakini haijafika chini, ndani kuna alama nyeupe zenye umbo la mkato wa kuandikia, na upande ulioshikana na kizazi umeanza kuwa na vimstari vyeupe. Daraja la 3: mipasuko imeshuka hadi upande wa kizazi na kuligawa kondo katika vyumba vyumba, katikati ya vyumba kuna maeneo meusi, na chokaa nyingine ni nzito kiasi cha kuacha kivuli nyuma yake.

Sasa tazama walichokuwa wanakitafuta. Hawakuwa wanatafuta kondo bovu. Walitaka kujua kama mapafu ya mtoto yamekomaa, ili mama asichomwe sindano ya tumboni kutoa maji ya uzazi na kupima uwiano wa lesithini na sfingomielini, mafuta mawili yanayoonyesha kama mapafu yamekomaa. Katika kundi lao, kila mama aliyekuwa na daraja la 3 alikutwa mapafu ya mtoto yamekomaa. Habari hiyo ilipokelewa kwa furaha sana. Haikupita miaka mingi wengine wakaripoti watoto ambao kondo lilikuwa daraja la 3 na mapafu bado machanga, na matumizi yale yakaachwa. Ngazi yenyewe ikabaki. Imebaki kwenye fomu za ripoti, kwenye mashine, kwenye mafunzo, na polepole ikapewa kazi nyingine ambayo haikuundiwa: kutuambia kama kondo limechoka. Cheti cha mama yako kimetumia ngazi ya mwaka 1979 kwa kazi hiyo ya pili.

Tuje kwenye kutokubaliana kwenyewe. Ukomavu wa kondo ni safari isiyo na vituo. Hakuna siku kondo linaamka likiwa daraja la 3. Mpasuko unashuka kidogo kidogo, na sisi tumechora mistari mitatu juu ya kitu kisichokuwa na mistari. Kondo lililo katikati ya hatua litamsumbua kila mpimaji. Daraja la 0 halina ubishi mkubwa, na kondo la wiki 40 lililojaa vivuli vya chokaa halina ubishi pia. Ubishi upo kati ya 1 na 2, na zaidi kati ya 2 na 3, kwa sababu hapo kila kitu kinategemea swali moja: je, mpasuko umefika chini au umekaribia kufika? Na kwa bahati mbaya uamuzi mkubwa wa kitabibu umetundikwa hapohapo, kwenye mpaka unaoyumba kuliko yote.

Sogea nami kwenye mashine uone. Kondo liko ukuta wa mbele, mama amelala chali. Mpimaji anashika proba, kile kifaa kinachopitishwa tumboni, picha inatoka. Akizungusha kitufe cha geini, kinachoongeza mng'ao wa picha, kidogo tu kwenda kulia, picha nzima inang'aa, na vidoa ambavyo dakika moja iliyopita vilikuwa kijivu vinakuwa vyeupe. Daraja la 1 linaanza kufanana na la 2. Akirudisha kushoto, vimstari vyembamba vya mipasuko vinapotea na kondo linaonekana changa. Akiinamisha proba ili wimbi lipige ukuta wa kizazi moja kwa moja, mpaka kati ya kondo na kizazi unarudisha mwangwi mkali na kutokea kama mstari mweupe, hata kama hakuna chokaa yoyote hapo. Akiiinamisha proba upande, mstari unafifia. Hajabadilisha mgonjwa, hajabadilisha mashine, na tayari angeweza kuandika madaraja mawili tofauti kwa dhamiri safi.

Ongeza kwamba kondo ni kubwa. Karibu na mwisho wa mimba lina upana wa sahani ya chakula, na halikomai sawasawa kila mahali. Pembeni linaweza kuwa na chokaa nyingi, katikati bado laini. Mpimaji mmoja huandika daraja la sehemu iliyokomaa zaidi, mwingine huandika la sehemu kubwa ya kondo, na vyeti havisemi nani amefuata kanuni ipi. Kondo likiwa ukuta wa nyuma, mtoto mwenyewe analala juu yake na mifupa yake inaficha nusu ya picha. Mama akiwa mnene, mawimbi yanachoka kabla ya kufika. Vidimbwi vya damu ambavyo ni vya kawaida kabisa ndani ya kondo huonekana vyeusi, na mtu mwenye haraka anaweza kuvihesabu kuwa ndiyo yale maeneo meusi ya daraja la 3. Mashine za leo, zenye mawimbi ya masafa ya juu, zinaonyesha vidoa vidogo ambavyo mashine za miaka ya 1970 zisingevionyesha, kwa hiyo maelezo yaleyale ya 1979 yakisomwa kwenye skrini mpya yanaweza kuvuta daraja juu.

Na kuna jambo lisilosemwa vya kutosha: umri wa mimba upo kwenye skrini, pale juu kwenye kona. Mpimaji akishasoma "wiki 38" jicho lake linategemea kuona kondo lililokomaa, na mara nyingi ataliona. Akisoma "wiki 29" atasita kuandika 3 hata akiwa anaitazama. Hii si hila, ndivyo akili ya binadamu inavyofanya kazi. Ila matokeo yake ni kwamba daraja linaanza kurudia habari tuliyokuwa nayo tayari kwenye kadi ya kliniki.

Watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka 2011 timu ya Dublin, Ireland, ilichapisha kazi ambapo wataalamu wazoefu wa ultrasaundi walipewa picha zilezile za makondo wazipange madaraja, na hitimisho likatajwa tangu kwenye kichwa cha makala: makubaliano hafifu baina ya wapimaji. Zingatia kwamba pale walikuwa wanatazama picha zilezile. Hakuna aliyeshika proba, hakuna aliyechagua pembe. Kwa mama yako, kila mpimaji alitafuta picha yake mwenyewe, hivyo yale yote niliyoyaeleza ya geini na pembe yanajumlishwa juu ya tofauti ya macho. Mtu kujirudia mwenyewe siku nyingine kwa kawaida huwa afadhali kuliko watu wawili kukubaliana, na ndiyo maana nikikuta mama anafuatiliwa kwa ripoti za mpimaji mmoja napata imani kidogo zaidi na mwelekeo wake, ingawa si na daraja lenyewe.

Utakutana na neno kapa, kipimo cha makubaliano baina ya wapimaji, ukisoma habari hizi, na inafaa ulielewe kwa sababu asilimia hudanganya. Chukua mfano wa kubuni. Wapimaji wawili wanatazama makondo 100. Kila mmoja anasema 10 kati yake ni daraja la 3. Katika 5 wanakubaliana kuwa ni la 3, katika 85 wanakubaliana kuwa si la 3, na 10 zilizobaki wanatofautiana. Wamekubaliana mara 90 kati ya 100, utasema hongera. Lakini kwa kuwa daraja la 3 ni chache, hata kama wangekuwa wanabahatisha tu kwa viwango hivyohivyo wangekubaliana mara 82. Kapa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa hayo makubaliano ya bahati: 90 toa 82 ni 8, gawa kwa 18 iliyokuwa imebaki hadi 100, unapata 0.44. Kwenye ngazi inayotumika sana, ya Landis na Koch ya mwaka 1977, hayo ni makubaliano ya wastani. Na uangalie upande wa akina mama: kuna mama 15 ambao angalau mpimaji mmoja amewaambia wana daraja la 3, na ni 5 tu ambao wote wawili wamekubaliana juu yao. Mama 10 wangetoka na hofu au na utulivu kutegemea mlango waliouingia. Mama yako ni mmoja wa hao.

Umeuliza kama kipimo kina maana. Kina maana, na sitaki utoke hapa ukidhani nakwambia ukitupe. Chokaa kwenye kondo karibu na siku ya kujifungua ni jambo la kawaida. Ikionekana mapema inahusishwa na mambo ya kweli: uvutaji wa sigara, presha ya mimba, mtoto kudumaa tumboni. Watafiti wa Belfast, Ireland Kaskazini, walioangalia akina mama wasio na hatari ya wazi katika wiki ya 36 walikuta daraja la 3 kwa takriban 4 kati ya kila 100, na hao walikuwa na presha ya mimba na watoto wenye uzito mdogo zaidi kuliko wenzao. Kazi ya Taiwan ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba chokaa nyingi kabla ya wiki ya 32 ndiyo yenye kuhusishwa na matatizo makubwa kwa mama na mtoto. Kwa upande mwingine kisukari cha mimba kinaweza kuchelewesha ukomavu huo, kwa hiyo daraja la chini nalo lisimtulize mtu peke yake.

Kuna pia jaribio moja ambalo kila mkunga anastahili kulijua, kwa sababu aliyeliongoza, Jean Proud, alikuwa mkunga mwenyewe. Yeye na Adrian Grant walilichapisha mwaka 1987 kutoka Peterborough, Uingereza. Takriban wanawake 2,000 walipimwa madaraja ya kondo katika miezi ya mwisho. Kwa nusu yao matokeo yalipelekwa kwa waliokuwa wakiwahudumia, kwa nusu nyingine yakazuiliwa. Vifo vya watoto vilikuwa vichache zaidi upande ambao matokeo yalijulikana. Ni jaribio moja, la hospitali moja, na halijarudiwa kwa namna ya kutosha kututuliza. Mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kuchambua majaribio ya tiba, ya mwaka 2015 yaliyokusanya majaribio 13 ya ultrasaundi ya kawaida baada ya wiki 24, yenye karibu wanawake 35,000, hayakuona faida kwa mama wala mtoto kwa ujumla. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2016 lilipendekeza ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Mimi naamini Proud aliona kitu cha kweli. Lakini kipimo kinachotegemea jicho hakiwezi kuhamishwa kutoka Peterborough hadi kwetu bila kwanza kuhakikisha kwamba macho yetu yanaona kitu kimoja, na hilo hatulifanyi. Tunaandika madaraja kila siku, na vituo vingi havijawahi kukaa hata mchana mmoja kuulizana kama wapimaji wao wanakubaliana.

Haihitaji fedha. Chukueni picha za makondo 40 hivi zilizohifadhiwa kwenye mashine, zifunikwe jina na umri wa mimba. Kila mpimaji azipange peke yake bila kuzungumza na mwenzake. Baada ya wiki mbili zichanganywe, azipange tena. Chora jedwali la miraba 16, daraja za huyu kwa mlalo, za yule kwa wima, na mtaona mara moja mnapoachana. Kisha kaeni na zile mlizotofautiana tu, mkae nazo kwa muda mrefu, hadi mkubaliane kwa maneno nini maana ya "umefika chini". Bandikeni picha nne za mfano ukutani karibu na skrini. Afikianeni kuhusu kanuni: kondo lote lipitiwe kwa wima na kwa mlalo, geini iwekwe pale ambapo maji ya uzazi yanatoka meusi kabisa, na iandikwe kama daraja ni la sehemu iliyokomaa zaidi au la sehemu kubwa. Acheni kuandika "2 kwenda 3". Anayesita aandike kwamba anasita na kwa nini.

Zaidi ya yote, ripoti iseme kilichoonekana. "Kondo ukuta wa mbele, mipasuko miwili imefika upande wa kizazi, chokaa yenye kivuli sehemu moja ya pembeni, sehemu kubwa bado laini." Sentensi hiyo ingekuwa kwenye vyeti vyote viwili vya mama yako, nina hakika kiasi kikubwa cha mgongano kingeyeyuka, maana pengine wote waliona kondo lilelile na wakatofautiana jina tu.

Sasa mama mwenyewe. Kabla ya lolote, hakikisha hizo wiki 34 ni 34. Zimetoka wapi? Kama ni za ultrasaundi ya miezi ya mwanzo, vizuri. Kama ni za tarehe ya hedhi aliyoikisia, au za ultrasaundi ya kwanza aliyopiga akiwa tayari na miezi saba, basi zinaweza kukosea kwa wiki kadhaa, na kondo linaloonekana limewahi sana linaweza kuwa la mimba ya wiki 37 isiyo na tatizo lolote. Kwetu, ambako wengi huanza kliniki wamechelewa, nimeona hili likiwa jibu mara nyingi.

Tarehe zikiwa sahihi, swali linalofuata ni kama mtoto anakua. Fungua kadi, panga kimo cha mimba ulivyokipima kila hudhurio. Kama mstari unapanda, umepata habari nzito kuliko daraja lolote. Mwombee ultrasaundi ya ukuaji, yenye vipimo vya kichwa, tumbo na paja, na kina cha maji ya uzazi. Mfuko wa maji wenye kina kirefu kuliko yote ukiwa chini ya sentimita 2, hilo ni jambo la kushughulikia. Irudiwe baada ya wiki mbili hadi tatu, ikiwezekana na mpimaji yuleyule, kwa sababu kabla ya wiki mbili tofauti ya vipimo vyenyewe inaweza kufunika ukuaji. Mtoto akionekana mdogo, au presha ikipanda, hapo Dopla, ultrasaundi inayopima mtiririko wa damu, ya mshipa wa kitovu ndiyo itakayotuambia kama damu inapita kwenye kondo kwa shida, na mama aende rufaa siku hiyohiyo. Presha na mkojo endelea kupima kila anapokuja, umwite kila wiki badala ya kungoja tarehe ya kawaida. Mfundishe kuzijua harakati za mtoto wake, na umwambie wazi kwamba zikipungua asisubiri kesho.

Kuhusu kujifungua mapema: daraja la kondo peke yake, presha ikiwa nzuri, mtoto akikua na maji yakitosha, halimpeleki mama kwenye upasuaji wiki ya 34. Mtoto wa wiki 34 anaweza kupata shida ya kupumua, kushindwa kunyonya, kupoteza joto, kupata manjano, na wewe ndiye utakayekesha naye. Anayependekeza kumtoa aandike sababu iliyo zaidi ya daraja. Kama kliniki ile iliona jambo jingine, mtoto mdogo au maji machache, waandike, nawe ulichukulie kwa uzito wote.

Mume mwambie hivi: wote wawili waliliona kondo, mmoja akaliweka upande huu wa mstari na mwingine upande ule, na mstari wenyewe haukunyooka. Aache vyeti vyote viwili kwenye faili. Kinachotakiwa kwake ni mke kurudi kliniki wiki ijayo bila kukosa, na nauli ya kwenda hospitali ya rufaa iwe imewekwa tayari. Ukipata vipimo vya ukuaji, niandikie namba za kichwa, tumbo na paja pamoja na tarehe ya ultrasaundi yake ya kwanza, tuvisome pamoja.